Mazoezi ya Kuishi Bila Kichaka

Vicent alitangaza habari ya kukata kichaka akiwa na uji mdomoni, na hapo nikajua kwamba anaogopa. Mwanangu huyu tangu utotoni neno gumu halimtoki mpaka alisindikize na chakula.

"Mama," alisema, akameza. "Jumatatu watakuja vijana wa mapanga. Kile kichaka cha juu tunakisafisha chote. Nataka kuweka vitunguu swaumu."

Mkewe Fransiska akaacha kukoroga. Wajukuu wakaacha kugombania kiti. Wote wakanitazama mimi, kama mnavyotazama sufuria ya maziwa iliyokaribia kufurika.

"Sawa, mwanangu," nikasema.

Fransiska akashika kifua. Tangu aolewe hapa kijijini kwetu Daudi, hajawahi kusikia neno hilo likinitoka peke yake, bila jingine nyuma yake.

Hicho kichaka nikieleze, maana mtu akisikia miti anafikiri mbao. Zamani palikuwa shamba la baba mkwe wangu, la maharage na mahindi. Tulililima mpaka likachoka. Mwaka wa mwisho tulivuna maharage ya kujaza kofia ya mume wangu, marehemu Agustino, na kofia yenyewe ilikuwa na tundu. Agustino akasema ardhi nayo iachwe ilale. Akaizungushia miiba ng'ombe wasiingie, akaiacha. Yakaja magugu, kisha vichaka vya miiba, kisha miti ikajiotea bila kuombwa, kila mmoja umepinda kwa mtindo wake kama wanaume wanaotoka kilabuni. Aliwahi kuja mpasua mbao mmoja kutoka mjini. Akaingia na kamba yake ya kupimia, akazunguka, akatoka akaomba maji ya kunywa. Hakuomba kingine.

Ndiyo maana watu husema mle hamna kitu. Hamna mbao, hilo ni kweli. Lakini sisi nyumbani kwetu hatuli mbao.

"Ila," nikaendelea, na Fransiska akashusha pumzi kwa kuona kwamba mama mkwe wake ni mzima, "Jumatatu bado iko mbali. Mimi naona tufanye mazoezi."

"Mazoezi ya nini tena, mama?"

"Ya kuishi bila kichaka. Kama mchakamchaka wa shuleni. Tukianza mapema, siku yenyewe hatutachoka. Kuanzia sasa hivi nyumba hii ijihesabu kwamba miti imeshalala chini. Mimi sitatia mguu mle, na hakitatumika humu ndani kitu kilichotoka mle."

Vicent akacheka. Ana kicheko kizuri, cha baba yake. "Haya, mama. Hatutakufa."

"Nani kasema tutakufa? Tunaenda kuishi kisasa."

Kisha nikainuka, nikamnyang'anya bakuli la uji.

"Mama! Sijamaliza!"

"Una asali huu," nikasema. "Asali ya mzinga wa juu."

Nikaumalizia mwenyewe. Nilisema nyumba ijihesabu. Sikusema uji umwagwe.

Siku hiyo hiyo niliacha kigoda changu nikaenda kukalia lundo la kuni ukutani, maana kila ukuni wake ulitoka kule juu. Sisi hatukati mti. Tunaokota matawi yaliyokauka, na yako ya kutosha. Fransiska alipotoka kuchukua kuni za mchana, alinikuta nimeketi juu yake nasuka kikapu, nikakumbuka kwamba na nyuzi za kikapu ni magome ya kule kule, nikakiweka chini.

"Mama, sasa nipikie nini?"

"Sijui, mwanangu. Mimi ni mgeni katika maisha haya."

Kisha akaingia sebuleni, akakitoa kile kitambaa cha kufuma kilichofunika mtungi mdogo wa gesi. Mtungi ule ulinunuliwa kwa ajili ya wageni, na tangu ufike ulikuwa umekaa pale mezani kama picha ya arusi. Akauwasha. Chai ikachemka kabla sijamaliza kulalamika. Jioni nikamsikia anapika huku anaimba, sauti ya kwanza na ya pili, zote yeye. Fransiska hubeba kuni kwa kichwa tangu akiwa binti mdogo kwao Bashay, na shingo yake inamkumbusha kila asubuhi. Basi pigo la kwanza la mazoezi likanipata mimi mwenyewe. Sikuwa nimeipangia gesi.

"Mama," akaniambia kwa heshima zote, "haya mazoezi yako ni mazuri kweli."

Nikamjibu kwamba gesi ikiisha atabadili wimbo. Lakini nilijua amenifunga goli.

Maziwa ndiyo yalinisaidia. Hapa kwetu kibuyu cha maziwa hakioshwi tu, kinafukizwa. Unachukua kijiti cha mzeituni wa porini, unakichoma mpaka kiwe kaa jekundu, unakisugua ndani ya kibuyu mpaka moshi ukolee, ndipo unamimina maziwa. Yanakaa siku nyingi bila kuharibika vibaya, na yana ladha ambayo mtu akiizoea, maziwa mengine anaona ni maji yaliyopakwa chokaa. Mimi sikufukiza. Niliosha kibuyu kwa sabuni na maji moto, kwa usafi wa hospitali kabisa, nikajaza maziwa.

Vicent alirudi shambani na kiu. Akajimiminia kikombe, akapiga funda. Funda likakaa mdomoni. Akanitazama. Nikamtazama. Shavu likavimba, halikuwa na pa kwenda.

"Meza, mwanangu," nikamwambia. "Ndiyo kisasa."

Akameza. Machozi yakamlengalenga.

"Ni mazuri," akasema.

"Nikuongeze?"

"Nimeshiba."

Kesho yake ndama alisukuma mlango wa zizi. Mlango ule ni wa fito, na fito hufungwa kwa kamba za magome, na kamba za magome zinaoza na kufungwa upya kila mara. Kazi hiyo huwa yangu. Safari hii sikuifanya. Vicent akatafuta kamba. Akaona moja inaning'inia ukutani, akainyooshea mkono.

"Ya kichakani hiyo," nikasema nikiwa kwenye lundo langu.

Akaenda akakuta kipande cha nailoni, kikateleza kwenye fito na fundo likagoma kukaa. Jua linapanda, vijana wa kupalilia wanamsubiri. Akavua mkanda wake wa suruali akafungia mlango. Ndama akauangalia mkanda, akaulamba, akaupenda kwa ajili ya chumvi ya jasho, akautafuna mpaka ukalegea, akatoka. Ng'ombe hana ubaya, alifuata njia ya kanisani. Mwanangu akamfuata mbio, mkono mmoja umeshika suruali, mwingine unapunga hewani, na nyumba ya katekista iko njia hiyo hiyo. Katekista Lameck alikuwa barazani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Vicent!" akaita.

"Milele amina!" akajibu Vicent bila kusimama, na nusura aachie suruali apunge mkono.

Nilicheka mpaka nikashuka kwenye kuni zangu. Lakini jioni alipokaa kimya kupita kawaida, nikamtengea chakula mwenyewe, nikamkatia kipande kikubwa cha nyama. Ni mwanangu. Simpigi mtu vita vya njaa.

Tena nisifiche upande wake. Vitunguu swaumu ndivyo vilivyoliezeka bati paa la nyumba hii na kuwavalisha wajukuu viatu vya shule. Nenda Bashay wakati wa mavuno, utaona malori yamepanga foleni na kijiji kizima kinanuka kama sufuria ya pilau. Vicent si mpumbavu wala hana tamaa mbaya. Ndiyo maana nilikuwa sielewi. Ana kipande kizuri cha bondeni, chenye maji, ambacho hakukimaliza kulima msimu uliopita. Kwa nini aanze kung'oa visiki vya mlimani?

Na mimi mazoezi yalinichapa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki ile, mvua ya uyoga. Mjukuu wangu Irene akaja mbio kunong'ona.

"Bibi, umeota! Nimeuona kwenye uzio, mweupe, mkubwa hivi!"

"Funga macho."

"Nimeshauona, bibi."

"Basi usahau."

Yeye akasahau akaenda kucheza. Mimi sikusahau. Harufu ya uyoga ulioota inashuka mlimani na umande, inaingia mpaka kitandani. Nilikula kabichi ya Fransiska iliyokaangwa na nyanya, nikasema tamu, nikageukia ukuta.

Jumamosi akaja Gidamowsa.

Gidamowsa ni Mbarbaigi wa Balangdalalu, kule chini kwenye tambarare za Hanang. Alikuwa rafiki wa mume wangu, na urafiki wao ulikuwa na miguu minne. Ng'ombe wetu wengine wanakaa kwake, maana huku juu malisho ni haba. Yeye anawachunga na kunywa maziwa yao, ndama wanabaki wetu, na mwaka ugonjwa au ukame unapopita upande mmoja, upande mwingine mtu anabakiwa na kitu. Sisi huku tunampa asali. Kule kwao maua ni ya msimu mfupi na mizinga haijai. Agustino alipofariki nilidhani mambo yameisha. Gidamowsa alikuja na samli, nikampa asali, hakuna aliyesema lolote zaidi, tukaendelea.

Safari hii alishuka kwenye bodaboda, shuka limefungwa begani, fimbo imenyooshwa mbele kama mkuki, kibuyu cha samli kimekumbatiwa kama mtoto.

"Mama Vicent!" akaita. "Bado unafukua udongo kama fuko?"

"Na wewe bado unatembea ukitazama mikia ya ng'ombe? Ungepiga simu."

"Simu nimeizima ili isimalize chaji."

"Sasa chaji unaitunza ya nini?"

"Ya kupigia siku nikiwa na haraka."

Nikamkaribisha kigoda, Fransiska akaja kupiga magoti kidogo na kumwamkia shikamoo, naye akampa marahaba pamoja na habari za ng'ombe kabla ya habari za watu. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa. Kisha akashika fimbo yake kwa mikono miwili, na nikajua sasa anakuja kwenye shida.

"Kijana wangu Yonas amepata mchumba," akasema. "Watu wazuri. Wazee wa binti wamekubali tuje. Nahitaji asali, Mama Vicent, na safari hii siyo ya kulamba. Nahitaji kibuyu kizima."

Kwao hivyo ndivyo ilivyo. Ukienda kuomba binti, unatanguliza asali. Wazee wa upande wa pili wakiipokea wakaitengeneza pombe wakanywa, binti amekubaliwa. Wakiiacha pale, chukua fimbo yako urudi kwenu.

"Si kuna asali dukani Katesh," nikasema, nikitazama pembeni.

"Ile ya chupa? Mdogo wangu aliipeleka mwaka juzi. Sukari tupu. Wazee walionja wakatemea mate pembeni, wakamuuliza kama amekuja kutafuta mke au kutafuta ugomvi. Yuko peke yake mpaka leo, anajipikia." Akaniinamia. "Kuna nini? Mizinga imekauka?"

"Imejaa."

"Sasa?"

"Sina ruhusa ya kuingia."

"Nani amekukataza?"

"Mimi."

Nikamweleza yote: Jumatatu, mapanga, vitunguu, mazoezi. Alicheka mpaka shuka likamtoka begani. Kisha kicheko kikaisha na akatazama juu, kule kichakani.

"Basi hii itakuwa asali ya mwisho," akasema.

Hakutaja ng'ombe. Hakuwa na haja. Si kwamba angewarudisha. Gidamowsa si mtu wa hivyo. Lakini ng'ombe wetu wanakaa kwake kwa sababu tuna kitu cha kumpelekea, na mtu akipewa bure miaka na miaka huona aibu, na aibu nayo ina mwisho wake. Huko nilikuwa sijafika na mazoezi yangu. Mimi nilikuwa na maziwa na kamba tu.

Vicent akaingia na jembe begani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naona suruali leo ina mkanda."

Kumbe katekista ameshafikisha habari mpaka kituo cha bodaboda.

Vicent alisikiliza shida ya mgeni amesimama. Alipofahamu, hakuwaza hata kidogo. "Nitapanda mimi," akasema. "Mgeni wa baba hawezi kushuka Balangdalalu na kibuyu kitupu."

"Na mazoezi?" nikauliza.

"Mama, mazoezi yapumzike kidogo."

"Yako yapumzike. Mimi nitawasindikiza mpaka kwenye uzio, nisimame pale."

Tukapanda mlima jua likiwa linapunguza ukali, wakati ambao nyuki wanarudi kulala. Vicent alibeba mwenge wa majani ya kutoa moshi, ndoo na kamba. Gidamowsa alibeba fimbo na ushauri. Walipoingia ndani mimi nikabaki pale kwenye miiba, nikiwaelekeza kwa sauti.

"Kushoto! Mti wenye nundu! Siyo huo, huo ni mgongo wa Gidamowsa!"

"Nasikia, mama!"

"Pita juu ya korongo, usipite ndani!"

Hapo hakujibu. Nikaita tena, kimya. Nikamwita Gidamowsa, naye kimya, na huyo hanyamazi hata akiwa usingizini. Miguu yangu haikuomba ruhusa. Nikaingia.

Nikawakuta kwenye ukingo wa korongo. Hakuna aliyeumwa wala aliyeanguka. Vicent alikuwa amesimama tu, mwenge unamfukiza moshi usoni, anatazama chini, mahali ambapo maji yamechimba na mizizi imetokeza. Gidamowsa alikuwa ameingiwa ghafla na hamu kubwa ya kutazama ndege.

"Una nini?" nikamuuliza. "Moshi huo unauelekeza kwa nyuki au kwako?"

"Ni hapa," akasema.

"Ni hapa nini?"

"Masika yaliyopita. Uliingia asubuhi na kikapu. Jua likaanza kushuka hujatoka. Nilikukuta hapa chini, mguu umekunjamana, umelowa, unaimba."

Kweli nilianguka. Nilikuwa nimeshaliweka kando jambo lile, maana kwa umri wangu kuanguka ni kama kupiga chafya. "Nilikuwa namwimbia konokono," nikasema. "Hakuwa na haraka, na mimi sikuwa na haraka. Mguu si ulipona?"

"Wewe ulipona, mama. Mimi bado."

Nikausogeza mwenge pembeni ya uso wake.

"Kila ukichukua kikapu," akasema, "nikiwa kule bondeni nalima, jembe linakuwa zito. Nasikiliza. Nikisikia kunguru nadhani ni wewe unaita. Fransiska anajua. Msimu uliopita lile shamba la maji sikulimaliza, ukaniuliza kwa nini, nikakwambia mbegu hazikutosha. Mbegu zilikuwepo. Nilikuwa nashinda nimetazama huku juu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Usiingie? Kuna kitu umewahi kukatazwa ukaacha kukifanya?"

"Kwa hiyo ukaona ukate miti yote."

"Ndiyo."

"Kilima kizima."

"Ndiyo, mama."

"Na vitunguu?"

"Vitunguu navyo ni kweli," akasema, akajifuta pua kwa mkono wa shati, mtu mzima mwenye watoto. "Lakini vingepata pa kukaa."

Gidamowsa akakohoa, akahamia kwenye ndege mwingine, mbali zaidi.

Nikamsogelea mwanangu. Ni mrefu, ilibidi nimshike kiwiko ndipo nimtazame. "Vicent. Ulipodondoka kwenye ukuta wa zizi, ukang'oa jino, nilivunja zizi?"

"Hapana."

"Nilifanya nini?"

"Ulinichapa."

"Basi."

Akacheka. Kilikuwa kicheko chenye maji, lakini kicheko. "Sasa nikuchape, mama?"

"Jaribu uone. Panda mti, mgeni anangoja."

Akapanda. Alikuwa hajapanda tangu baba yake yuko hai, siku hizi hupanda vibarua, na mti wenye nundu hautaki mtu mwenye kitambi cha ugali. Alipofika kwenye mzinga alifanya yote aliyofundishwa: akapuliza moshi taratibu, akafungua upande wa nyuma, akakata masega, akawaachia nyuki sehemu yao. Sisi tulio chini tuliona ndoo ikishuka kwa kamba, nzito, inanukia maua yote ya mlima. Kisha nyuki mmoja akamuuma kwenye mdomo wa juu, wengine wakashuka kuuliza sisi ni akina nani. Gidamowsa, ambaye husimulia kila mwaka namna alivyokabiliana na simba, aliacha fimbo, akaacha shuka, akaacha na heshima. Mimi nilikaa chini, nikajifunika kanga, nikatulia. Nyuki hawana shida na bibi anayefanana na kisiki.

Tulikutana tena kwenye uzio. Mdomo wa Vicent ulikuwa umevimba kama andazi. Ndoo ilikuwa salama. Na pale pale, mbele ya mgeni aliyekuwa anatafuta shuka lake kwa macho bila kuthubutu kulirudia, tukakaa tukajadiliana kama watu wanaouziana ng'ombe.

"Huingii peke yako," akasema Vicent.

"Nikisindikizwa, msindikizaji asinipigie kelele kila nikiinama."

"Na mvua ikinyesha huingii kabisa."

"Mvua ikinyesha ndipo uyoga unaota! Unataka niuote ndotoni?"

"Mvua ikikatika. Na mimi niwepo."

"Wewe unakanyaga kama tembo, utauvunja."

"Mama."

"Haya. Uwepo."

Nikampa na kile kipande cha chini cha kichaka, karibu na njia, ambacho ni miiba mitupu. Hata mbuzi hukipita. Aweke vitunguu, afurahi. Yeye akaniachia kilichobaki, juu mpaka kileleni, na akasema mbele ya Gidamowsa kwamba hakitakatwa wakati wowote yeye akiwa hai. Gidamowsa akasema amesikia, na kwamba akiulizwa atasimama shahidi hata bila shuka.

Jioni ile nilifukiza kibuyu. Fransiska alinitazama anasubiri nimwambie arudi kwenye kuni. Sikumwambia. Nikamwambia chai iwe ya gesi, na ugali na maharage tupikie kuni, na kuni nitakuwa naleta kwa kumbebesha Vicent. Akanikumbatia. Ana mikono yenye nguvu, nikasikia mbavu.

Jumatatu vijana walikuja na mapanga yao, wamenoa kabisa. Vicent asingeweza kuwarudisha, walishaahidiwa kazi. Akawapanga wengine kwenye miiba ya chini, wengine akawaweka kuchimba ngazi mlimani, kutoka kwenye uzio mpaka ng'ambo ya korongo. Kila ngazi ikawekewa ubao wa... hapana, ubao hatuna. Ikawekewa gogo la mti ulioanguka wenyewe. Kando yake akasimika fito na kuzifunga moja baada ya nyingine, kwa kamba za magome, iwe kitu cha mimi kushikilia. Kazi hiyo hakumpa mtu. Alifunga mwenyewe, kila fundo, na mdomo wake uliovimba. Mimi niliwekwa kwenye kigoda kwa juu, kama mkaguzi.

Ilipokwisha akaniita. "Jaribu, mama. Shika hapo."

Nikanyoosha mkono. Fito zilinifikia kidevuni. Alikuwa amezipima kwa kimo chake. Ili nizishike ingenibidi nitembee nimeinua mikono yote miwili, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Vijana walikuwa wameshaona. Mmoja aligeuka akauma shati lake. Vicent alikuwa bado ananitazama mimi, jasho linamtiririka, anasubiri.

"Ziko sawasawa," nikasema. "Lakini leo ni mara ya kwanza. Njoo unishike."

Akaja akanipa kiwiko chake, nikakishika. Tukashuka ngazi ya kwanza, akasema taratibu. Tukashuka ya pili, akasema taratibu. Nilimwacha aseme.